Kupunguza Mtetemo: Kitenzi Kimoja, Kazi Tatu
Istilahi za kishikizo cha injini katika ndege za mfano

1. Utangulizi

Katika karatasi za maelekezo ya ufundi ambazo wafasiri wetu huletewa, ni mafungu machache ya maneno yanayoonekana mepesi kama "kupunguza mtetemo". Mfasiri hulitumia fungu hilo bila kusita, mwalimu hulisoma mbele ya wanafunzi bila kulifafanua, na ofisa anayetayarisha taratibu za usalama hulinakili kama lilivyo. Lakini fundi alisomaye akiwa na spana mkononi hujiuliza: nipunguze kwa njia gani? Maana njia ziko tatu, na kila moja ina zana zake na hatari zake. Akishika njia moja mahali palipotakiwa nyingine, mtetemo huweza kuongezeka badala ya kupungua.

Makala haya yanakusudia kuzieleza njia hizo tatu na kupendekeza kitenzi kimoja kwa kila njia. Mfano tutakaoutumia ni mdogo: injini ya ndege ya mfano iliyoshikizwa kwa vipira vya kujitengenezea. Tumeuchagua kwa sababu kila sehemu yake huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, na kwa sababu atakayeuelewa hatapata taabu atakapofasiri maelekezo ya pampu ya maji, jenereta au mashine ya kusaga. Kanuni ni zile zile.

2. Ndege ya mfano na injini yake

Kwanza tulitazame jina. Wengine husema "ndege bandia", wengine "ndege ya kuchezea", na wengine "mfano wa ndege". Jina la kwanza lina kasoro, kwa kuwa kitu hiki huruka kwa kanuni zile zile za ndege kubwa. Hakuna cha ubandia ndani yake. La pili lina hatari zaidi. Katika mashindano ya sarakasi za angani yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, lililoundwa mwaka 1905, ndege hizi huruhusiwa kufikia uzito wa kilo 5. Chombo cha kilo 5 kinachokwenda kasi angani si mdoli, na ofisa wa forodha au wa usalama akiusoma waraka uliokiita hivyo atakichukulia kwa wepesi usiostahili. Jina la tatu linafaa kwa sanamu iliyowekwa juu ya meza. Tunapendekeza "ndege ya mfano".

Leo ndege nyingi za mfano huendeshwa kwa mota za umeme. Hata hivyo injini za mafuta bado zinatumika, na ndizo zinazotuhusu hapa. Iliyozoeleka ni injini ya silinda moja na mapigo mawili, inayochoma mchanganyiko wa methanoli, kilainishi kama mafuta ya nyonyo, na mara nyingi nitromethani kidogo. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platinamu. Waya huo huwashwa kwa betri wakati wa kuanza tu, kisha hubaki na moto wenyewe. Plagi za namna hiyo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1947 kwa kazi ya Ray Arden, na tangu hapo injini ndogo ziliweza kuruka bila kubeba betri na koili.

Tuchukue injini ya sentimita za ujazo 10, yenye silinda ya kipenyo cha milimita 24 na pistoni inayokwenda milimita 22. Uzito wake ni karibu nusu kilo. Inapokwenda kwa nguvu zote huzunguka mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde. Inapounguruma polepole huzunguka kama mara 2,500 kwa dakika, yaani karibu mara 42 kwa sekunde. Msomaji aziweke akilini namba hizi mbili, 200 na 42, kwa kuwa zitarudi.

Madhara ya mtetemo katika chombo hiki ni ya kweli. Skrubu hulegea. Gundi katika viungo vya mbao hupasuka. Mafuta ndani ya tangi hufanya povu. Mapovu yakifika kwenye kabureta injini hukosa mafuta na kuzimika ndege ikiwa angani. Kipokezi cha redio na mota ndogo zinazogeuza usukani huchakaa kabla ya wakati wake, na usukani ukishindwa hakuna tena wa kuiongoza ndege.

3. Mtetemo, tetemeko na kutetemeka

Mzizi wa neno letu ni mmoja lakini matawi yake hayalingani. "Tetemeko" limekwisha kupata makao yake katika tetemeko la ardhi, na haifai kulihamisha. "Kutetemeka" ni kwa mwili uliopatwa na baridi, hofu au homa; mfasiri akiandika "injini inatetemeka", msomaji ataelewa kwamba injini hiyo ina ugonjwa. Ukweli ni kwamba kila injini ya pistoni hutetema, nzima kwa mbovu. Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi "kutetema" na jina "mtetemo" kwa mwendo wa haraka wa kwenda na kurudi, usio na maana ya hitilafu ndani yake. "Mtikisiko" tuuachie mwendo mkubwa usio na mpangilio, kama wa gari katika barabara mbovu.

Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja tunaiita "marudio". Wako wanaopenda "masafa", kwa kuwa hutajwa katika redio. Lakini masafa kwa asili ni umbali, na redio ilipotangaza masafa mafupi na masafa ya kati ilikuwa ikitaja urefu wa mawimbi. Katika ufundi wa mitambo, pale ambapo umbali na idadi hutajwa katika sentensi moja, neno hilo litaleta mkanganyiko.

4. Kazi ya kwanza: kusawazisha

Kusawazisha ni kuuondoa mtetemo kwenye chanzo chake. Penye kitu kinachozunguka, uzito ukizidi upande mmoja, upande huo huvuta kila unapopita. Wenye magari wanalijua jambo hili, maana hupeleka matairi "kubalansi".

Katika ndege ya mfano kitu cha kwanza kusawazishwa ni rafadha, ambayo mafundi wengi huiita pangaboi. Hesabu yake inashangaza. Ikiwa ubavu mmoja wa rafadha una gramu 0.1 zaidi ya mwenzake, nayo ziada hiyo iko milimita 100 kutoka katikati, basi kwa mizunguko 12,000 nguvu inayovuta upande huo ni nyutoni 16 hivi, sawa na uzito wa kilo moja na nusu na zaidi kidogo. Nguvu hiyo hubadili mwelekeo mara 200 kila sekunde. Dawa yake ni rahisi: rafadha hutiwa kwenye ekseli nyembamba iliyolazwa sawa, ubavu mzito hushuka, na fundi huupunguza kwa msasa au huupaka vanishi ubavu mwepesi mpaka rafadha itulie popote inapoachwa. Rafadha yenye ufa haisawazishwi, hutupwa.

Baada ya rafadha inabaki pistoni, na hapo kusawazisha hufika mwisho wa uwezo wake. Tuseme pistoni na pini yake zina gramu 12. Kwa mwendo wetu wa mizunguko 12,000, nguvu ya kuigeuza pistoni juu na chini hufikia takriban nyutoni 200, yaani zaidi ya mara 40 ya uzito wa injini yenyewe. Mtengenezaji huweka uzito wa kukabili katika krenki. Lakini uzito huo huzunguka, na pistoni haizunguki; hupanda na kushuka tu. Ukiwekwa uzito wa kutosha kufuta nusu ya nguvu ya juu na chini, nusu nyingine hubaki, na nguvu mpya ya kiasi hicho hicho huzuka kwa upande. Injini ya silinda moja iliyo ya kawaida haiwezi kusawazishwa kabisa. Hili ndilo linaloleta haja ya kazi ya pili.

5. Kazi ya pili: kutenga

Kutenga hakuuondoi mtetemo. Injini huachwa iteteme, ila njia ya kuufikisha mtetemo huo kwenye kiunzi cha ndege hufanywa kuwa dhaifu. Hapo ndipo kishikizo kinapoingia.

Jina la kishikizo lilitupa kazi. Katika gereji husikika "mauntini". "Kitako" ni neno zuri, nasi tunalo katika kitako cha bunduki na kitako cha taa, lakini kitako huwa chini, na injini ya ndege ya mfano haikalii kitu. Imechomoza mbele kutoka katika ukuta wa mbele wa kiunzi. "Kishikizo", yaani kinachoshikiza, hakifungwi na mahali. Tunapendekeza hilo.

Sifa yake ni ngumu zaidi. Wafasiri huandika "kishikizo laini". Lakini laini ni kinyume cha kigumu na pia ni kinyume cha chenye kukwaruza. Fundi anaweza kuchukua msasa akalainisha uso wa alumini, akaamini kwamba ametii maelekezo. Kinyume chake huandikwa "kishikizo thabiti", na hapo msomaji hudanganyika mara ya pili, kwani thabiti ni sifa njema na nani asiyetaka kitu thabiti? Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyotosha. Kunepa ni kuinama kwa kuelemewa, kama boriti chini ya mzigo. Kunesa ni kuinama na kuinuka, kama fimbo nyembamba inayotikiswa. Basi kifaa tukiite "kishikizo cha kunesa", kwa mfano wa meza ya kukunja na kiti cha kuzunguka. Na kiasi ambacho vipira vyake hushuka kwa uzito wa injini iliyotulia tukiite "mnepo". "Unyumbufu" ubaki kuwa sifa ya mpira wenyewe kama mali ghafi.

Mnepo ndio unaoamua kila kitu. Kila kitu kilichoshikizwa kwa kunesa kina marudio yake yenyewe, ambayo kikiguswa na kuachwa hutetema kwayo. Tuyaite marudio ya asili. Kwa hesabu sahili hupatikana kwa kugawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha mnepo uliopimwa kwa milimita. Sasa, anayesukuma pembea akisukuma kwa wakati wake, pembea hupanda juu zaidi kila mara ingawa nguvu yake ni ndogo. Vivyo hivyo injini ikizunguka kwa marudio yaliyo karibu na marudio ya asili ya kishikizo chake, mtetemo hukua. Hali hii tunapendekeza iitwe "mwitikiano": injini huita na kishikizo huitikia. Hatukuchagua "mwitikio", kwa kuwa hilo limekwisha kuzoeleka katika mwitikio wa wananchi na mengineyo.

Kutenga huanza pale tu ambapo marudio ya injini yamezidi mara 1.4 ya marudio ya asili. Chini ya hapo kishikizo cha kunesa hakisaidii kitu. Tuone kwa namba zetu. Fundi wa kwanza ametengeneza kishikizo chenye mnepo wa milimita 0.1. Marudio yake ya asili ni 50. Injini ikiwa katika 200, mtetemo unaopita ni kama sehemu 7 tu kwa 100, naye anafurahi. Lakini injini ikishuka kuunguruma katika 42, kishikizo hicho, kama hakina cha kukifisha mwendo wake, hupitisha zaidi ya mara 3 ya nguvu iliyokuwapo. Fundi wa pili ana mnepo wa milimita 0.3. Marudio yake ya asili ni 29, na mara 1.4 ya 29 ni takriban 41, chini ya 42. Huyu hutenga mtetemo katika mwendo wote, na kwenye nguvu zote kinachopita ni kama sehemu 2 kwa 100. Tofauti kati ya ndege inayodumu na ndege inayojivunja yenyewe uwanjani ni sehemu mbili za kumi za milimita. Mfasiri aliyeandika "weka kishikizo laini ili kupunguza mtetemo" hakumwambia fundi lolote kuhusu tofauti hiyo.

6. Kazi ya tatu: kufifisha

Kufifisha ni kuugeuza mwendo kuwa joto ili mtetemo ufe upesi. Gari lina mfano mzuri. Springi hulitenga bodi na mashimo ya barabara. Shokapu huzuia bodi lisiendelee kurukaruka baada ya shimo kupita. Gari lenye springi bila shokapu huyumba kama mashua. Gari lenye shokapu bila springi halisafiriki.

Wengine husema "kuzima mtetemo", lakini katika maelekezo ya injini kitenzi kuzima kina kazi yake na ajali ya maneno haiko mbali. Wengine husema "kufyonza", na hilo halina kosa kubwa, ila linatoa picha ya kitu kinachojaa na kukamuliwa. Tunapendekeza "kufifisha".

Mpira hufanya kazi ya springi na ya shokapu kwa wakati mmoja, na pengine hii ndiyo sababu watu wamezichanganya kazi hizi mbili katika maneno pia. Lakini zina mvutano. Kufifisha husaidia injini inapopita katika mwitikiano, kwa mfano inapowashwa na kuzimwa. Kukizidi, mtetemo mwingi zaidi hupita injini inapokwenda kasi. Anayeandika maelekezo hana budi kusema ni kipi kinachotakiwa.

7. Kishikizo cha kujitengenezea

Neno "cha kienyeji" tuliepuke hapa. Huonekana kama dharau. "Cha kujitengenezea" hutosha.

Fundi hukata sahani ya plaiwudi ya milimita 6 au ya alumini ya milimita 3, akaifunga injini juu yake kwa boliti. Sahani hiyo ndiyo itakayoshikizwa kwenye ukuta wa mbele kwa vipira vinne vya mviringo, vya namna ile ivalishwayo tundu la bati ili nyaya zisikatwe. Matundu manne ya sahani huwekwa mbalimbali kadiri nafasi inavyoruhusu, ili injini isijipinde inapovutwa na rafadha. Kila tundu huvishwa kipira, na ndani ya kipira hupitishwa bushi fupi ya chuma. Boliti hupita ndani ya bushi na kukazwa juu ya bushi, si juu ya mpira. Mpira uliobanwa kwa nguvu haunesi tena. Pande zote mbili huwekwa washa pana kuliko tundu la sahani, ili mpira ukikatika injini ibaki imenaswa na isiruke pamoja na rafadha yake. Nati ziwe za namna isiyolegea, zenye pete ya nailoni ndani. Mafuta ya petroli na vilainishi vingi hudhoofisha mpira asilia. Neopreni huvumilia zaidi.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni hili: fundi huweka kipande cha mpira chini ya kishikizo cha chuma, kisha hukaza boliti zinazopita moja kwa moja kutoka kwenye chuma hadi kwenye ukuta. Mpira upo, lakini mtetemo umepewa daraja. Daraja hilo laweza pia kuwa bomba la moshi linalogusa kiunzi, au waya mgumu wa kuendeshea kabureta. Hapa kitenzi chetu kinadhihirisha manufaa yake. Anayeambiwa "punguza mtetemo kwa mpira" ataweka mpira na kuridhika. Anayeambiwa "itenge injini" atatafuta kila mahali chuma kinapogusa chuma.

8. Hitimisho

Hatudai kwamba kila msomaji wa Kiswahili anahitaji kujua habari za ndege za mfano. Lakini vipira hivi leo viko chini ya kamera za droni nyingi, vyombo vya jamii ile iliyotumika kupiga picha za ramani ya Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2016; viko chini ya jenereta za hospitali na mashine za kusaga vijijini. Kila mahali kazi ni tatu na mpangilio ni mmoja: sawazisha kwanza, kisha tenga kinachobaki, kisha fifisha kwa kiasi. "Kupunguza mtetemo" si fungu baya. Ni jina la lengo. Litumike katika kichwa cha habari, na ndani ya maelekezo vitumike vitenzi vya kazi.

Istilahi zinazopendekezwa

daraja: njia ya kitu kigumu inayopitisha mtetemo kando ya kishikizo cha kunesa.
kishikizo cha kunesa: kifaa kinachoshikiza injini kwa namna ya kuinama na kuinuka.
kufifisha: kugeuza mwendo wa mtetemo kuwa joto.
kusawazisha: kuondoa ziada ya uzito katika kitu kinachozunguka.
kutenga: kudhoofisha njia ya mtetemo kutoka kwenye injini hadi kwenye kiunzi.
marudio: idadi ya mitetemo katika sekunde moja.
marudio ya asili: marudio ambayo kitu kilichoshikizwa hutetema kwayo kikiguswa na kuachwa.
mnepo: kiasi ambacho kishikizo hushuka kwa uzito wa kilichobebwa.
mtetemo: mwendo wa haraka wa kwenda na kurudi.
mwitikiano: kukua kwa mtetemo pale marudio ya injini yanapokaribiana na marudio ya asili.
ndege ya mfano: ndege ndogo irukayo, isiyobeba mtu.